Artesunati ya sindano, kichupa cha mg 60: dawa imeshinda, kaunta bado

Ukifungua kikasha utakuta vitu vitatu na karatasi ya maelezo: kichupa cha unga mweupe mg 60, ampuli (kichupa kidogo cha kioo kilichozibwa) ya mililita 1 ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, na ampuli ya mililita 5 ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kikipungua kimoja, hicho si kikasha kamili. Muuzaji akikwambia maji ya kawaida ya sindano yatatosha, rudisha na uende duka jingine.

Dawa hii ni ya malaria kali. Kwa jina la kiwanda, zinazojulikana zaidi ni Artesun ya Guilin kutoka China, iliyokuwa ya kwanza kupitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2010, na Larinate ya Ipca kutoka India, iliyofuata mwaka 2018. Yaliyomo ni yale yale na matengenezo ni yale yale, kwa hiyo hatuoni sababu ya kuzunguka mji mzima wa Mombasa ukisaka moja na kuikataa nyingine.

Alama zetu: dawa yenyewe, 9 kwa 10. Namna inavyouzwa kichupa kimoja kimoja na kuchomwa mara moja kisha mgonjwa akaambiwa aende nyumbani, 3 kwa 10. Hizo mbili hazistahili kuchanganywa, kwa sababu ushindi wa dawa hii kwenye majaribio ulipatikana kwa utaratibu mzima, na anayenunua kichupa peke yake hajanunua ushindi huo.

Uzito kabla ya bomba

Mtoto asiyefika kilo 20 hupewa mg 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20, awe mtoto au mtu mzima, ni mg 2.4 kwa kila kilo. Ukipiga hesabu utaona kioja: mtoto wa kilo 19 anapata mg 57, na wa kilo 20 anapata mg 48. Hapo hapana kosa la uchapaji. Mwili wa mtoto mdogo huiondoa dawa upesi zaidi, na ilionekana kwamba kwa mg 2.4 damu yake ilibaki na dawa pungufu kuliko ya mkubwa. Ndiyo maana WHO ikaipandisha dozi ya watoto hao mwaka 2015. Ukiona bango la ukutani linalotoa 2.4 kwa kila mtu, ujue ni la kabla ya hapo.

Kwa idadi ya vichupa, dozi moja inahitaji kichupa 1 mpaka kilo 25, 2 mpaka kilo 50, 3 mpaka kilo 75, na 4 mpaka kilo 100. Dozi za mwanzo ni tatu: mgonjwa anapopokewa, saa 12 baadaye, na saa 24 baada ya ile ya kwanza. Akichomwa ya kwanza saa mbili usiku, ya pili ni saa mbili asubuhi, na ya tatu ni saa mbili usiku wa siku inayofuata. Kama bado hawezi kumeza, huendelea dozi moja kila siku. Sasa hesabu: mtu mzima wa kilo 60 anahitaji vichupa 9 kwa siku hiyo ya kwanza pekee. Ndugu akitumwa famasia na kikaratasi kilichoandikwa "artesunati 1", ama aliyeandika hakumpima mgonjwa, ama anategemea wengine wamalizie. Arudi akaulize: kilo ngapi, na vichupa vingapi mpaka dozi ya tatu?

Kutengeneza

Hapa ndipo pesa za watu humwagika. Unga huu ni asidi ya artesuniki, na kwenye maji matupu hauyeyuki vizuri. Baikaboneti ndiyo huugeuza kuwa chumvi inayoyeyuka, na ndiyo sababu ya ile ampuli ndogo. Vuta mililita 1 yote ya baikaboneti, ingiza kwenye kichupa, kisha tikisa taratibu. Mwanzoni huwa na ukungu na vipovu, kwa kuwa gesi ya kaboni inatoka. Baada ya dakika moja au mbili maji yanapaswa kuwa maangavu kabisa, unaona upande wa pili. Yakibaki na ukungu, au chembe zikiganda chini, tupa. Usijipe moyo kwamba yatakaa sawa yakifika mwilini.

Gesi ile itolewe kwa sindano kabla ya kuongeza maji ya chumvi. Asiyeitoa atakuta bomba linasukumwa nyuma, au dawa inaruka pembeni mwa kizibo, na kwa mtoto mdogo matone machache yaliyopotea ni sehemu kubwa ya dozi. Kisha ongeza maji ya chumvi: mililita 5 kama unachoma kwenye mshipa, mililita 2 kama unachoma kwenye msuli. Hilo la pili husahaulika sana. Kwenye mshipa unapata jumla ya mililita 6, kila moja ikiwa na mg 10. Kwenye msuli ni jumla ya mililita 3, kila moja ikiwa na mg 20. Muuguzi akitengeneza kwa njia moja na kusoma jedwali la njia nyingine, mgonjwa atapata nusu ya dozi au maradufu yake. Mtoto wa kilo 10, anayestahili mg 30, huchomwa mililita 3 kwenye mshipa au mililita 1.5 kwenye msuli.

Kwenye mshipa dawa husukumwa polepole, dakika moja hadi mbili. Haiwekwi kwenye dripu: ikishachanganywa haidumu, na inapaswa kutumika ndani ya saa moja. Kwa hiyo kichupa kilichobaki nusu hakingojei dozi ya saa 12 baadaye, hata kikiwekwa kwenye friji. Kinatupwa, na uchungu wake huusikia mfuko. Kwenye msuli, mahali pake ni upande wa mbele wa paja, wala si tako, na kiasi kikipita mililita 5 kigawanywe mapaja yote mawili.

Lipo pia toleo jipya la Guilin linalotumia kimiminika kimoja badala ya viwili. Kwa mkono wa muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, hatua moja iliyopungua ni nafuu ya kweli. Ila jedwali la kikasha kimoja lisitumiwe kwa kingine.

Ushindi wenyewe ulipatikanaje

Kwa miaka mingi dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini. Ili kuiondoa dawa iliyozoeleka hivyo, haitoshi kusema mpya ni bora. Lazima zishindanishwe, na mgonjwa apangiwe dawa kwa bahati nasibu ili daktari asije akawapa wagonjwa wenye nafuu ile anayoipenda.

Jaribio kubwa la kwanza liliitwa SEAQUAMAT, lilifanyika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Wagonjwa walikuwa 1,461, wengi wao watu wazima. Waliokufa kwenye kundi la artesunati walikuwa 107 kati ya 730, na kwenye kwinini 164 kati ya 731, yaani asilimia 15 dhidi ya 22. Tofauti ilikuwa kubwa hivi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu kuendelea kumpa mtu kwinini kwa kura kungekuwa kumnyima uhai kwa makusudi.

Afrika haikutosheka, na kwa haki. Huku wanaokufa kwa malaria wengi ni watoto, na mtoto wa Pwani si mfanyakazi wa msitu wa Myanmar. Ndipo likaja AQUAMAT: watoto 5,425, vituo 11, nchi 9, kati ya mwaka 2005 na 2010. Kenya ilikuwemo kupitia Kilifi, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka Mombasa. Tanzania ilikuwemo kupitia Muheza na Korogwe. Kwa hiyo anayesema takwimu za dawa hii ni za Wachina, hajui kwamba sehemu yake ni ya watoto wa huku huku. Walikufa watoto 230 kati ya 2,712 waliopewa artesunati, na 297 kati ya 2,713 waliopewa kwinini: asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Kwa lugha ya wodi, ukiwatibu watoto 41 hivi kwa artesunati badala ya kwinini, mmoja ambaye angezikwa anarudi nyumbani. Walioingia kwenye koma wakiwa tayari wodini walipungua kutoka asilimia 5.1 hadi 3.5, na walioshikwa na degedege kutoka 10.1 hadi 8.3. Mwaka 2011 WHO ikabadilisha mwongozo wa watoto.

Mbona Asia pengo lilikuwa pana zaidi? Sababu moja ni kwamba hapa mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu huku kinachomuua ni bakteria. Artesunati haiui bakteria. Ndiyo maana mtoto wa malaria kali huanzishiwa pia antibaotiki, na mzazi asidhani ameuziwa dawa ya ziada.

Lina dosari zake jaribio hili. Wauguzi walijua nani anapewa nini, kwa kuwa dripu ya kwinini na sindano ya haraka haziwezi kufichana. Kwa kifo hilo halina uzito, maana kifo hakibadiliki kwa maoni ya anayetazama. Lakini ukiambiwa artesunati huzuia ulemavu wa ubongo, kuwa mwangalifu: siku ya 28, watoto waliobaki na athari za ubongo hawakutofautiana kwa uhakika baina ya makundi mawili.

Sababu ya ushindi iko kwenye umri wa kijidudu. Kijidudu kichanga huzunguka na damu. Kikikua, hunata kwenye vijishipa vyembamba vya ubongo na figo, na hapo ndipo hatari. Kwinini hukipata kikiwa kimekwisha kukua. Artesunati hukipata kingali kichanga, kabla hakijanata.

Kwinini haijafa

Ipo bado, na artesunati ikikosekana ni bora mara mia kuliko kungoja. Lakini tazama kazi yake: dozi ya kuanzia ni mg 20 kwa kilo, inadondoka kwa saa 4 kwenye dripu ya glukosi, kisha mg 10 kwa kilo kila baada ya saa 8. Ikienda mbio inaweza kuushusha msukumo wa damu au kuusimamisha moyo. Huamsha kongosho itoe insulini, sukari ya damu ikaporomoka, na mgonjwa aliyezimia kwa sukari hufanana kabisa na aliyezimia kwa malaria. Masikio huvuma. Mwenye zamu anayewatazama wagonjwa kumi hawezi kuhesabu matone ya kila mmoja kwa saa 4. Hapo artesunati huishinda kwinini hata kabla ya hesabu ya vifo.

Tukiwa kwenye dripu: mjini kuna imani kwamba mgonjwa asiyetundikiwa chupa hajatibiwa. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Tanzania na Uganda na kuchapishwa mwaka 2011, liliwapanga watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, zaidi ya nusu yao wakiwa na malaria. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa asilimia 10.6 kwa albumini (maji yenye protini ya damu) na 10.5 kwa maji ya chumvi, ndani ya saa 48. Waliopewa maji ya kawaida ya kujikimu tu, 7.3. Basi mzazi akiona mwanawe hakumiminiwa chupa mbili upesi upesi, asikimbilie kugombana na sista.

Ununuzi Mombasa

Swali la kwanza: je, unaihitaji? Malaria ya kawaida, ambayo mgonjwa anakaa, anaongea na anameza, ni ya vidonge vya artemeta-lumefantrini, dozi 6 kwa siku 3. Sindano haiongezi kitu hapo, japo wengi wetu tuna imani na sindano kuliko kidonge. Artesunati ni ya anayezimia, asiyeweza kuketi, mwenye degedege za kurudia, anayehema kwa shida, mwenye macho ya manjano, anayekojoa rangi ya kahawa tungu, au ambaye maabara imeona sukari ya damu chini ya 2.2 (mmol/L) au hemoglobini, yaani kiwango cha damu, chini ya 5 (g/dL) kwa mtoto. Mtu huyo hatakiwi kuwa kaunta ya duka la dawa. Anatakiwa kitandani hospitali, mahali penye damu na oksijeni. Mjamzito mwenye malaria kali hupewa artesunati pia, mimba iwe na mwezi mmoja au minane.

Ikiwa hospitali imeishiwa na umetumwa kununua, angalia joto la duka. Kikasha kinataka chini ya nyuzi 30, mbali na mwanga. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, nje tu joto hupita hapo, sembuse ndani ya kibanda cha mabati kisicho na feni. Duka lenye kiyoyozi kinachofanya kazi, na kipimajoto ukutani, lina faida kuliko lililo karibu na stendi. Soma tarehe ya kuisha kwenye kichupa na kwenye ampuli zote mbili. Kikasha kikiwa kimefunguliwa, ampuli huweza kuwa za kuokotezwa. Kikasha chenye mhuri wa serikali wa kutouzwa hakina haki ya kuwa na bei. Na uliza risiti yenye namba ya toleo, ili ikitokea shida pawe na pa kuanzia.

Usinunue vidonge vya artesunati tupu, bila mwenzake. Tangu mwaka 2006 WHO inavipinga, kwa sababu dawa moja peke yake humfundisha kijidudu kuizoea, na tayari usugu usio kamili dhidi ya jamii hii ya dawa umeonekana Uganda na Rwanda, si mbali sana nasi.

Kwa aliye mbali na hospitali, mathalani ng'ambo ya Likoni kuelekea ndani ya Kwale, ipo kapsuli ya mg 100 ya njia ya haja kubwa kwa mtoto wa chini ya miaka 6, mg 10 kwa kilo. Ikitoka ndani ya nusu saa hurudishwa nyingine. Hiyo ni ya kumvusha tu: mtoto aendelee na safari usiku ule ule, hata akichangamka njiani. Akibaki nyumbani kwa kuwa homa imeshuka, kapsuli imefanya kazi nusu na malaria itamalizia iliyobaki.

Baada ya sindano ya mwisho

Artesunati hutoka mwilini kwa saa chache tu. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo aibu yake. Baada ya dozi zisizopungua tatu, mgonjwa akiweza kumeza, lazima apewe dozi kamili ya vidonge vya siku 3, akianza saa 8 hadi 12 baada ya sindano ya mwisho. Anayeruhusiwa bila vidonge hivyo, malaria humrudia baada ya wiki mbili tatu, kisha dawa ikasingiziwa kuwa ya bandia. Hili ndilo kosa tunaloliwekea alama ndogo kuliko yote, kwa sababu vidonge vyenyewe ni rahisi kuliko sindano.

Alama moja tuliyoikata kwa dawa yenyewe ni ya damu. Artesunati inapokiua kijidudu ndani ya chembe nyekundu, wengu hukitoa na kuiacha chembe iendelee kuzunguka, lakini chembe hiyo imeshajeruhiwa na haiishi umri wake. Kati ya siku ya 7 na wiki ya 4 zinaweza kufa kwa pamoja, mgonjwa akapauka, akachoka, mkojo ukageuka mweusi, wakati mwingine na homa juu yake. Huwapata zaidi waliokuwa na vijidudu vingi mno. Hemoglobini ipimwe siku ya 7, ya 14 na ya 28, na siku hizo ziandikwe kwenye kadi ya kutokea hospitali, zisisemwe kwa mdomo tu mlangoni.

Na mgonjwa huyo akirudi na homa, mwambie wa maabara atazame damu kwa hadubini. Kipimo cha haraka cha kidole kinachosoma protini ya kijidudu huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vijidudu vyote kufa. Mtu akaanzishiwa artesunati upya kwa malaria asiyonayo, huku anachohitaji ni chupa ya damu.